Mrejesho: Binti aliyekataa udaktari

Wadau, ni mimi niliyeuliza binti yangu asomee nini: hesabu na fizikia ndiyo chakula chake, damu hataki hata kuiona, na shangazi zake wameng'ang'ania udaktari. Mmoja wenu alinishauri tutafute mtu wa Kilindini, bandarini Mombasa. Tukampata fundi wa mitambo ya meli, akamfungulia kitabu chake cha mafunzo ya STCW (viwango vya kimataifa vya mafunzo ya mabaharia), kurasa zimejaa madoa ya grisi na sahihi za wakubwa zake. Akamwambia wazi: bila miezi ya kukaa baharini, cheti cha darasani hakikupandishi cheo. Nilidhani atatishika. Wapi! Kajaza diploma ya uhandisi wa meli kule KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo Kenya; hesabu za bima kaziweka pili. Shangazi mmoja bado kanuna.