Je, jiji likipanuka ni lazima hewa ukaa iongezeke kwa kiwango hichohicho? Mfano wa Dar es Salaam

Mwanafunzi wa Mipangomiji:
Wakuu, salaam. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36, na ile ya 2022 ikaikuta na milioni 5.38. Katika andiko langu nimeshauriwa nichukulie kwamba hewa ukaa ya jiji hupanda sambamba na idadi ya wakazi. Je, dhana hiyo inasimama?

Mpima Viwanja:
Haisimami, ndugu yangu. Familia inayoishi ghorofani Kariakoo, katikati ya jiji, hufika sokoni na shuleni kwa miguu. Familia hiyohiyo ikihamia kwenye kiwanja chake Chanika, pembezoni mwa jiji, baba atapanda bodaboda hadi lami, kisha daladala, kisha atakaa kwenye foleni, na siku akipata fedha atanunua gari. Kwa hiyo anza na umbali kati ya makazi na ajira. Usafiri wa mabasi ya Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, uliwapunguzia adha wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro, lakini viwanja vya pembezoni vinauzwa (vingine hata havijapimwa) kwa kasi ambayo hakuna mradi wa barabara unaoweza kuifikia.

Mama Nishati:
Usafiri husemwa sana, jiko husahaulika. Anayetoka kijijini, alikozoea kuni za kuokota, akifika mjini hununua mkaa, kwa kuwa ni mwepesi kusafirisha na huuzwa hata kwa kopo. Mkaa huo huchomwa kwenye matanuri ya udongo, ambamo sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotea kabla gunia halijafungwa. Ukipima ndani ya mipaka ya jiji pekee, miti iliyokatwa Pwani, Morogoro na Lindi itahesabiwa kuwa kosa la wanakijiji, ilhali mlaji yuko Manzese, jijini. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, ila ukiingia majikoni utakuta mtungi wa gesi unachemshia chai, huku maharage yakiwa kwenye mkaa; kaya ya namna hiyo usiiandike kuwa imehamia nishati safi.

Fundi Mstaafu:
Ongeza saruji. Mawe ya chokaa yanayotengenezea saruji yakichomwa tanurini hutoa hewa ukaa yenyewe, hata moto wake ungekuwa wa nishati safi kiasi gani, na mji unaotambaa huhitaji kuta, makaravati na barabara nyingi zaidi kwa kila mkazi.

Mwanafunzi wa Mipangomiji:
Nashukuru sana. Mama Nishati, mkaa unaopitishwa usiku kwa pikipiki bila kibali nitaukadiriaje?

Mama Nishati:
Achana na daftari za vizuizi vya ukaguzi barabarani, kwa sababu zinaonyesha tu waliolipa ushuru. Chagua mitaa michache ya kipato tofauti, uliza kila kaya hununua mkaa kiasi gani kwa wiki, na kopo la muuzaji wa mtaa husika ulipime mwenyewe kwenye mizani, maana makopo hayalingani.