Vitabu vya picha vya mvua na radi, kuna vya huku kwetu?

MamaLangoni (Lamu)
Asalam alaykum wapendwa. Binti yangu ana miaka 5 na tangu masika ianze hatulali, radi ikipiga tu mbio chini ya kitanda ameziba masikio. Nikasema nimtafutie vitabu vya picha tusome pamoja labda woga utapungua. Jirani kaniazima viwili, picha nzuri mashallah, lakini ni theluji tupu na watoto wamevaa makoti, binti ananiuliza mama hii nyeupe ni chumvi? Upepo wa kusi hakuna, bahari hakuna. Nyinyi mnawasomea nini watoto wenu?

mwalimu_wa_chekechea (Malindi)
Waalaykum salaam dada. Ingia African Storybook kwa simu, ni bure, viko vya Kiswahili na unaweza kuprinti. Kuna pia Bringing the Rain to Kapiti Plain cha 1981, ni Kiingereza lakini hadithi ni ya Kenya hapa hapa, mchungaji Ki-pat na ng'ombe wake wana njaa na kiu, wingu limetanda juu na mvua hainyeshi mpaka anarusha mshale kulitoboa. Maneno yanajirudia kila ukurasa, mimi huwageuzia Kiswahili papo hapo na darasa zima linaitikia.

Ila usimsomee radi ikiwa inapiga, msomee mchana jua linawaka. Usiku ikija hesabuni pamoja, umeme ukimulika anza moja, mbili, tatu mpaka ngurumo isikike. Mwanga unafika saa ile ile, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivo kila ukihesabu 3 ni kama kilomita moja. Hesabu ikizidi kuwa refu mtoto anajua radi inakwenda zake.

Mvuvi_Shela
Mwalimu kasema kweli, mimi nina la jahazi. Kitabu tulicholetewa sisi mchoraji kaweka chombo katikati ya tufani na tanga limejaa upepo mpaka juu! Hakuna nahodha afanyaye hivo, ukiona wingu jeusi laja unatua tanga mapema upepo haujakufikia. Mwanangu aliangalia ile picha akalia, baba mbona hawatui tanga, watakufa hawa. Maanake yeye huniona nikitua. Mimi sikatai tufani kwenye kitabu, iwepo, lakini watu waonekane wanafanya kazi yao, huyu kashika usukani huyu anachota maji, mtoto akiona wakubwa wanajua la kufanya anatulia. Na msiwaonyeshe watoto wanaogelea huku radi inapiga, ukisikia ngurumo toka majini upesi.

MamaLangoni (Lamu)
Allah awalipe kheri nyote. Nimeprinti viwili halafu jana tukakaa tukachora chetu wenyewe, karatasi sita nimezikunja nikazishona kwa uzi. Bibi yake anaanua nguo, punda kajibanza barazani masikio yamelowa (hayo masikio kayachora yeye, marefu kuliko miguu), ukurasa wa mwisho babake anafika gatini. Usiku radi ikapiga, kanishika mkono kwa nguvu lakini chini ya kitanda hakuingia, akahesabu mpaka tisa akasema mama iko Manda (kisiwa cha ng'ambo yetu).

Kaka Mvuvi, tanga likishatuliwa ile foromali (mti unaofungiwa tanga) inalala vipi chomboni? Ukurasa wa tatu bado hatujaumaliza, anataka kuichora sawasawa.