Riwaya za ukoo ambamo majina na mikosi hujirudia: tupeane uzoefu, wewe ulishtukia wapi?

Kurasa za Njano (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za masiku. Mada hii ni ya wale waliowahi kuzama kwenye riwaya nene za uhalisia-mazingaombwe, zile ambazo babu, baba, mwana na mjukuu wanaitwa jina moja, na marehemu anaingia uani kutafuta maji wala hakuna anayekimbia. Kama hujamaliza Miaka Mia ya Upweke ya Gabriel García Márquez, pita mbali. Humu tutamwaga yote.

Naanza na yangu. Mara ya kwanza iliniangusha, nikaiacha katikati. Nilikuwa naisoma kama riwaya ya upelelezi: nani kamfanyia nani nini. Sasa pale Macondo, mji wa riwaya hiyo, ukiuliza Aureliano kafanya nini, wanaitika ishirini na wawili. Nimewahesabu. Kanali Aureliano Buendía peke yake ana watoto wa kiume 17 aliozaa na wanawake 17, wote Aureliano, na hapo sijamtaja yule wa Pilar Ternera.

Niliirudia baada ya miaka kadhaa, na safari hii kilichoninasa ni kijitukio ambacho wengi hukipita: pete ya ndoa ya Fernanda, mke wa mmoja wa wana ukoo. Wakati huo Bi Úrsula, mama mkuu wa ukoo, ameshakuwa kipofu lakini kawaficha wote. Anaishi kwa kusikiliza, kunusa na kukariri. Katika kuwasikiliza akagundua kwamba kila mtu ndani ya nyumba ile hupita njia zilezile kila siku, hufanya mambo yaleyale, na saa ileile husema karibu maneno yaleyale. Anayepoteza kitu ni yule aliyetoka kwenye njia yake. Fernanda anapekua pote anapopita kila siku, haoni kitu. Úrsula anajiuliza swali moja tu: leo huyu kafanya nini ambacho jana hakukifanya? Kumbe magodoro yalitolewa juani kwa sababu Meme, binti yake Fernanda, aliona kunguni usiku, na watoto walikuwapo wakati wa kupiga dawa. Basi pete lazima iko mahali wasipofikia watoto. Akapapasa rafu, akaitoa.

Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Tangu hapo kujirudia kwenyewe sihangaiki nako sana, maana kumejaa kila ukurasa. Mimi natafuta siku ya magodoro, ile siku mtu anatoka kwenye mstari. Mfano, sentensi ya kwanza kabisa inamsimamisha kanali mbele ya kikosi cha wapiga risasi, na sote tunamlilia mapema. Hafi pale. Anayekufa kwa risasi za kikosi ni Arcadio, mtoto wa kaka yake. Kanali anakuja kufa uzeeni, amesimama anakojoa chini ya mti uleule ambao baba yake alifungwa kamba alipochanganyikiwa.

Haya, karibuni. Mlinaswa na nini?

Mjukuu wa Tatu

Mimi nilinaswa na majina, maana ni ugonjwa wa kwetu. Tuko watatu nyumbani wenye jina moja: babu, baba mdogo na mimi. Nikifaulu jambo, hilo ni langu. Nikiharibu, wanatikisa kichwa: "Si unaona, ni yuleyule mzee." Kwa hiyo nilipofika pale Úrsula anaposema kwamba akina Aureliano wote ni wakimya wenye akili kali, na akina José Arcadio ni wenye pupa na nguvu walioandikiwa balaa, nilihisi nimesemwa mimi.

Kwa wanaochanganyikiwa nina ushauri mmoja: mwandishi hachezi na urefu wa jina. Mzee mwanzilishi anaitwa José Arcadio Buendía, matatu kamili, daima. Mwanawe ni José Arcadio. Mjukuu anabaki na Arcadio tupu. Ukoo unavyoteremka ndivyo jina linavyokatwa kama sabuni. Nilipoliona hilo nikauchana ule mti wa ukoo niliouchora kwenye karatasi nne zilizogundishwa. Nao mti wenyewe unadanganya, kwa sababu wale 17 unaweka tawi moja, wakati kila mmoja aliuawa kivyake.

Pacha Mkubwa

Nitasema kifupi. Mimi ni pacha. Kuna picha yetu ya utotoni ambayo hadi leo hakuna anayejua yupi ni yupi, mama mwenyewe anabahatisha. Wale mapacha wa riwaya walikuwa wakibadilishana nguo na bangili hadi Úrsula akashuku kwamba walichanganywa kama karata na hawakurudi tena mahali pao. Kweli, aliyeitwa Aureliano akawa pande la mtu mpenda karamu, na aliyeitwa José Arcadio akawa mkavu mwenye mawazo. Wakafa wakati mmoja, na walevi waliobeba majeneza wakawazika kila mmoja kwenye kaburi la mwenzake.

Watu husema pale ni kichekesho. Mimi nililia. Niliona kama wamerudishwa majina yao.

Bi Sindano

Nafuma kwa riziki, kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwenye mikono ya watu. Nisikilizeni.

Kanali akistaafu vita (alianzisha maasi 32 akashindwa yote) anakaa karakana anatengeneza visamaki vya dhahabu. Anaviuza kwa sarafu za dhahabu, anaziyeyusha sarafu, anatengeneza visamaki. Baadaye anaacha hata kuuza. Anatengeneza viwili kwa siku, vikifika 25 anaviyeyusha vyote, anaanza upya. Amaranta, dada yake, anashona vifungo anavifumua. Halafu kifo kinamjia kama mwanamke aliyevaa buluu, kinamwambia aanze kushona sanda yake mwenyewe, aitie ufundi kadiri apendavyo, na siku atakayomaliza jioni yake atakufa bila maumivu. Miaka inapita, sanda haiishi.

Nilidhani nimegundua mimi. Kumbe wakati wa ile mvua ya miaka minne, miezi kumi na moja na siku mbili, Aureliano Segundo, yule pacha mpenda karamu na mume wa Fernanda, anakosa pa kwenda, anaanza kutengeneza bawaba na makomeo ya nyumba nzima, na Fernanda anamtazama akijiuliza kama na huyu ameingiwa na uraibu wa kujenga ili abomoe, kama kanali na visamaki, Amaranta na vifungo na sanda, pacha mwenzake José Arcadio Segundo na maandiko ya ngozi, na Úrsula na kumbukumbu zake. Ameiorodhesha mwenyewe! Kwa hiyo wanaosema motifu za riwaya hii zimefichwa, hapana, zimewekwa mezani.

Ila Kurasa, nakuunga mkono kwenye siku ya magodoro. Amaranta siku moja anaacha kuchelewesha. Anaamua kumaliza. Anawatangazia mji mzima kwamba jioni anakufa, mwenye barua ya kupeleka kwa marehemu wake alete. Mimi niliyewahi kufumua blauzi ya mteja mara tano kwa kuogopa tu kuikabidhi, pale nilisimamisha kazi. Kutia fundo la mwisho kunataka ujasiri, wasiofuma hawajui. Na bado bandeji nyeusi ya mkononi, ile aliyoifunga baada ya kujiunguza kwa makaa kwa ajili ya Pietro Crespi, mchumba aliyemkataa akajiua, alikwenda nayo kaburini. Hiyo hakuifungua.

Mzee wa Kamusi

Vijana, mnasoma vizuri lakini mnawapa watu wa ukoo ule uhuru mwingi kuliko waliopewa. Mimi naona wanarudia kwa sababu wanasahau, basi.

Angalieni mkia wa nguruwe. Mwanzoni ndio hofu yote ya ukoo. José Arcadio Buendía na Úrsula ni binamu, na tayari shangazi yake Úrsula alikwisha kuolewa na mjomba wa mume wake wakazaa mtoto mwenye mkia. Akakua nao, na siku rafiki yake muuza nyama alipoukata kwa shoka la bucha, akatoka damu hadi kufa. Kwa hofu hiyo Úrsula anakataa kuguswa na mumewe, watu wanacheka, Prudencio Aguilar anatupa neno baya kwenye mapigano ya majogoo, mume anamchoma mkuki, mzimu wake unawakosesha usingizi, wanahama. Macondo nzima imezaliwa na mkia ule!

Sasa nendeni mwisho. Amaranta Úrsula na Aureliano Babilonia ni shangazi na mtoto wa dada yake, lakini hawajui. Wameridhika na hadithi kwamba Aureliano aliokotwa kwenye kapu. Mtoto anazaliwa na mkia. Wanashtuka? Hata kidogo. Hawajui habari za ukoo wala hawakumbuki maonyo ya bibi. Mkunga anawaambia utakatwa mtoto akiota meno ya pili. Kitu kilichoanzisha mji mzima kimefika, na hakuna wa kukitambua.

Ndiyo maana tauni ya kukosa usingizi, iliyowasahaulisha watu hata majina ya vitu, na ambayo wasomaji wengi huiona kama kichekesho cha mwanzoni, kwangu ndiyo moyo wa kitabu. Wanabandika majina kwenye meza, saa na mlango, wanamwandikia ng'ombe maelezo kwamba akamuliwe kila asubuhi, na barabarani wanaweka bango kwamba Mungu yupo.

Tena si mazingaombwe matupu. Desemba 1928 huko Ciénaga, Kolombia, askari waliwafyatulia risasi wagomaji wa mashamba ya migomba ya United Fruit Company. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Mwandishi alikuwa mtoto wa chini ya miaka miwili, mzaliwa wa Aracataca jirani tu. Kwenye riwaya José Arcadio Segundo anazinduka juu ya maiti ndani ya treni, anaruka, anarudi mjini kwa miguu, na kila anayemwambia anamjibu kwamba hapa hakujatokea kitu. Babu yangu alikuwa na kisa cha namna hiyo. Alikisimulia miaka arobaini, nasi tukamwona amezeeka tu.

Taa ya Chumbani

Mzee shikamoo. Naomba nilete ukoo mwingine, wa Nyumba ya Mizimu ya Isabel Allende, Chile, iliyotoka 1982. Kule wanawake hawarudii jina, wanarudia maana: Nívea, Clara, Blanca, Alba, yote ni weupe na mwanga. Clara anakataa katakata mtoto wake aitwe Esteban kama baba yake, kwa hoja kwamba majina yanayojirudia yatavuruga madaftari yake ya kumbukumbu. Akajifungua mapacha, akawaita Jaime na Nicolás. Nikasema huyu mama kapona, kaushinda ugonjwa wa akina Buendía.

Wapi! Jina lililofukuzwa mlango wa mbele liliingia kwa mlango wa nyuma. Esteban Trueba, mume wa Clara, alimbaka Pancha García, msichana wa shambani kwake, na mjukuu wa Pancha ndiye Esteban García, jina la kwanza la bwana mkubwa bila ukoo wala mali yake. Baada ya mapinduzi ya kijeshi huyo ndiye anayemtesa Alba, mjukuu wa Clara, kizuizini. Nilipounganisha hizo nukta ilikuwa saa nane usiku, nikashindwa kuzima taa. Madaftari ya Clara yalimwandika kila mtu isipokuwa upande ule. Na Alba, alipotoka, kazi aliyoifanya ni kuketi na kuandika.

Msomea Bibi

Mimi nilimsomea bibi yangu kwa sauti, nikitafsiri papo hapo, jioni baada ya jioni. Mambo niliyodhani yatamshangaza hayakumgusa. Damu ya José Arcadio kutiririka barabarani, kupanda ngazi, kukwepa mazulia hadi kwa mama yake aliyekuwa anataka kuvunja mayai 36? "Sasa ilitaka iende wapi, si kwa mama?" Rebeca, mtoto wa kulelewa na Úrsula, kutembea na mifupa ya wazazi wake kwenye mfuko? "Mtoto mwema."

Tukafika kwa Remedios mrembo kupaa mbinguni na mashuka. Bibi akaniangalia: "Huyo katoroka na mwanamume. Nyumbani wamesema kapaa ili kuficha aibu." Nikabisha sana. Baadaye nikaja kusoma kwamba García Márquez mwenyewe alieleza chanzo cha tukio lile: mama mmoja ambaye mjukuu wake alitoroka, akatangaza kwamba amepaa. Nilirudi kumwambia. Hata hakuinua macho: "Nilikwambia."

Kurasa za Njano

Aisee huyo bibi apewe kiti cha enzi humu.

Mzee wa Kamusi, nakubali nusu. Kusahau kunaendesha gurudumu, sawa. Ila kumbuka Úrsula akiwa kipofu ndipo anapopima upya watoto wake: anagundua kanali hakuwahi kumpenda mtu, Amaranta aliyeonekana mwenye moyo wa jiwe ndiye mwenye huruma kuliko wote, na Rebeca, ambaye hakunyonya ziwa lake wala si damu yake, ndiye pekee aliyekuwa na ujasiri ambao yeye aliutamani kwa ukoo wake. Huyo hajasahau. Anakumbuka kwa usahihi kuliko alipokuwa anaona, na haimsaidii kitu. Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Mzee wa Kamusi

Marahaba Taa. Kurasa, hapo umenikaba. Nipe siku mbili.

Sijamaliza

Nipo kwenye mvua, mwaka wa tatu. Kwa hiyo mtoto anazaliwa na mkia kweli?

Kurasa za Njano

Mkuu, mstari wa kwanza kabisa tulikuambia upite mbali.

Sijamaliza

Nilidhani unawaambia wengine.