Barua za mwisho wa Vita vya Kagera: baba alimwandikia nini mama? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Naomba sisi watoto wa askari wa 1978/79, pamoja na wazee wenyewe mliopo, tuhadithiane jambo moja tu: barua zilizotoka Uganda vita vikielekea ukingoni. Mapigano yameshasimuliwa sana, tangu Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978 hadi vijana wetu walipofika mpakani mwa Sudan Juni 1979. Barua hizi hakuna anayezisimulia, na mchwa wanazimaliza masandukuni.

Naanza mimi. Kampala ilipoanguka, 11 Aprili 1979, habari ilitufikia kwa redio na kijiji kizima kikatoka kucheza. Mama alibaki ndani. Redio ilisema jeshi limeshinda, haikusema mume wake yu hai. Barua ililetwa na balozi wa nyumba kumi wiki kadhaa baadaye. Mama kusoma kulikuwa kunamsumbua, akamwita dada yangu wa darasa la tano. Ilianza kama barua zote za enzi zile: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali. Ama mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Kisha deni la mbegu, kisha ng'ombe, kisha mtoto aliyezaliwa nyuma yake apewe jina la babu. Risasi haikutajwa hata moja. Dada alipofika katikati mama akamkatiza: "Hebu rudia tarehe." Akarudia: 19 Aprili. "Tena." Akasoma tena. Kampala ilikuwa imeshapita na mkono wa baba bado unaandika. Hapo ndipo mama akakaa chini na kusikiliza habari za ng'ombe.

Karibuni.

Mzee wa Mgambo:
Mwanangu, umenigusa. Mimi nilitoka mgambo, nikawa nawaandikia barua na wenzangu wasiojua kuandika, karatasi juu ya sanduku la risasi. Wanaume wazima waliona haya kutaja mapenzi mbele yangu. Mmoja alinyamaza muda mrefu, mwisho akasema: "Mwambie jiko aliezeke kabla ya vuli, asinyeshewe." Nikamuuliza ni hayo tu? Akasema mke wangu ataelewa. Kwa hiyo msiwaone baba zenu walikuwa wakavu. Ukiona nyasi za paa kwenye barua, soma vizuri.

Jambo jingine, Kampala haikuwa mwisho. Tuliambiwa tusonge, Jinja, kisha kaskazini, Lira, Gulu, hadi Arua. Kwangu niliandika: "Mji mkuu tumeuchukua, ila usianze kuhesabu siku." Wapo waliobaki kule hadi 1981, na wake zao walipata taabu ya maneno ya watu kwamba waume wamepata wake wengine.

Binti Missenyi:
Shikamoo mzee. Kwetu ni kaskazini ya Mto Kagera, kwa hiyo vita vilitukuta mlangoni. Mama alivuka na sisi kukimbilia kusini, na baba naye yuko jeshini hajui tuliko. Akaandika kwa anwani ya kijiji ambacho hakikuwa na mtu. Tuliporudi nyumba haina bati wala mlango, ng'ombe wameswagwa wote. Baadaye ndipo mama akapewa barua zake kwa mpigo, zimekaa muda wote zikimngoja. Ya mwisho kabisa inauliza: "Mbona hunijibu, nimekukosea nini?" Baba aliporudi salama hilo lilikuwa la kwanza kuelezwa, kabla hata hajavua viatu.

Mtoto wa Shujaa:
Sisi hatukupata ya mwisho wa vita. Tuliyonayo ni ya Februari 1979, anauliza kama mahindi yameota. Baba amelala makaburi ya mashujaa ya Kaboya, Muleba, pamoja na wenzake zaidi ya 600. Mama alimjibu kuhusu mahindi. Jibu hilo sijui liliishia wapi.

Mleta mada:
Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kutuambia. Mzee, shikamoo, kama unawakumbuka uliowaandikia, endelea kutusimulia hata kidogo kidogo. Wengine wenye barua, zipigeni picha pande zote mbili, na bahasha pia msiitupe, maana muhuri wa posta una tarehe. Wenye mama walio hai waulizeni wiki hii nani aliwasomea.