Bagamoyo: pwani imezungushiwa ukuta, sisi wenyeji tupeleke wapi watoto?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Nimezaliwa Bagamoyo, nimekulia hapa, na Idd hii familia yangu imeshindwa kushuka baharini. Bagamoyo hii hii!

Iko hivi. Kuna kichochoro tulichokuwa tunapita tangu utotoni kwenda pwani. Kimezibwa na ukuta wa hoteli, ukitaka kushuka unapita getini kwao. Mlinzi anakutajia bei: mkubwa 5,000, mtoto 3,000. Tulikuwa mimi, mke wangu, mama na watoto wanne. Piga hesabu: 27,000 kabla hujanunua hata chupa ya maji.

Nilikuwa tayari kulipa, maana sikukuu ni ya watoto. Kumbe bado kuna kupekuliwa. Mama alibeba hotipoti ya pilau, kachumbari kwenye bakuli na kalimati za wajukuu. Kijana wa getini akafunua hotipoti mbele za watu, akachungulia, akasema chakula cha nje hakiingii, tukiache hapo chini ya meza yake tutakikuta. Mama mtu mzima, kaamka alfajiri kupika! Hakujibu kitu. Alijitanda khanga yake vizuri, akabeba kikapu chake akageuka. Tukarudi wote. Watoto walishavaa nguo za kuogelea ndani ya zile za Idd, na mdogo alilia hadi tunafika nyumbani.

Asije mtu hapa kuniambia hiyo ni biashara ya watu. Kiti ni chako, mwavuli ni wako, soda ni yako, weka bei unayotaka. Mchanga na maji umevitoa wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nendeni mkautazame ule ukuta. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yale maji makubwa kuliko ya kawaida, mawimbi yanapiga ukutani kabisa. Aliyekuja kwa miguu kutokea upande wa soko la samaki hana pa kukanyaga, lazima asubiri maji yakupwe. Na ukizubaa huko mbele, maji yakijaa tena umekwama na watoto. Hapo ndipo tulipofikishwa: kutembea pwani ya kwetu kwa kuvizia maji.

Sipingi kulipa popote. Kaole kwenye magofu nalipa na moyo mweupe, yale ni mambo ya kale, kuna mtu anawaeleza watoto misikiti na makaburi ya karne na karne, na pesa inasaidia kutunza. Lakini hawa wanalipisha kitu ambacho hawakukijenga. Bei zenyewe wamempangia mtu wa Dar anayekuja na gari lake mwisho wa wiki. Karibuni sana watu wa Dar, sina ugomvi na nyie. Ila mvuvi, mwalimu, mama anayekaanga mihogo, huyo mwanawe anaiona bahari kwa kuchungulia getini?

Na msiniambie kuna sehemu nyingine. Sehemu ambazo hawalipishi kiingilio, nyingi zimegeuka baa, spika zinapiga matusi tangu saa nane mchana na walevi wanapishana na watoto. Nimpeleke mama yangu pale na mkeka wake?

Nataka vitu viwili. Mwenye ramani ya mipango miji ya eneo lile aseme kama hicho kichochoro kimo kama njia ya umma au hakimo. Na wenyeji wenzangu mliozuiwa getini kama mimi, andikeni hapa ilikuwa lini na mlitozwa ngapi. Nikipata majina ya kutosha nitaandika barua, nitaipeleka mwenyewe serikali ya mtaa na kwa diwani, na nitarudi kuwaambia nimejibiwa nini.