Kozi wameangua kwenye ghorofa mkabala na ofisi yetu, kinda mmoja mdogo kuliko wenzake, nifanyeje?

Dirisha_la_Nane:
Wakuu habari zenu. Jengo lililo mkabala na dirisha letu, kwenye ukingo wa zege ule wa juu kabisa, kuna kozi (wale ndege wawindaji wanaokamata njiwa angani) wamezaa. Mwanzoni nilijua njiwa tu mpaka siku moja nikaona manyoya yanapeperuka pale juu kama mtu kachana mto, ndo nikakopa darubini na tangu hapo kazi haziendi. Tundu hawana wakuu, ni kokoto tupu wamekwangua kishimo basi, mayai yalikuwa manne yakaanguliwa matatu, na hao watatu saa hizi wana kama wiki tatu na kitu, bado weupe kama pamba ila mabawani yameanza kutoka manyoya ya kahawia.

Sasa shida. Wawili wakubwa, mmoja mdogo yaani tofauti inaonekana bila hata darubini. Halafu juzi mama kaondoka asubuhi, masaa manne mazima hajaleta kitu, jua linawaka makinda wanahema midomo wazi wanalia mpaka nasikia nikifungua dirisha. Mlinzi wa lile jengo tunafahamiana, nimewaza anipeleke juu niwarushie nyama hata kidogo. Isitoshe kasema wiki mbili zijazo wanakuja watu wa kuosha vioo na wameambiwa "waondoe na ule uchafu". Ushauri tafadhali.

MzeeWaDarubini:
Mkuu usipande. Narudia usipande. Huyo mama ukitokeza kichwa tu atakushukia na kucha, na hilo ndo dogo, kubwa ni kwamba makinda wa umri huo wakishtuka wanarudi nyuma nyuma mpaka ukingo unaisha, na kuruka bado hawajui. Utakuwa umeenda kuwaokoa ukawaua.

Habari ya njaa, usihesabu saa, angalia shingo. Chini ya koo kuna mfuko wa chakula, kinda akishiba unavimba unatokeza kama kameza limau, na akiwa hivyo anaweza kukaa masaa hana shida kabisa. Mwenye njaa kweli analegea, hata mama akifika hainui kichwa. Anayepiga kelele ana nguvu za kupiga kelele. Na mama hakuwa mbali nakuhakikishia, tazama kona za majengo ya jirani utamkuta kakaa anawachungulia. Akiwa na wadogo kabisa anawalalia muda wote baba ndo anawinda, wakifika umri huu naye anaanza kutoka. Hapo kwenye jua ni kweli panahitaji macho, ila utaona mara nyingi anakuja anasimama upande wa jua anatanua mabawa wanajificha kivulini kwake.

Sasa huyo mdogo wako. Kwa kozi jike ni mkubwa kuliko dume, na sio kidogo, dume ni pungufu kama theluthi hivi. Umeshawaza kwamba una mabinti wawili na kijana mmoja? Angalia wakati wa kula kama anapata zamu. Kozi sio kama baadhi ya tai ambao mkubwa anamdonoa mdogo mpaka kufa, hawa wanapanga mstari na mama anamega vipande anampa mdomo uliofunguka karibu.

Kibao_Kata:
Mnawaonea huruma wanaokula wenzao. Njiwa nao wangekuwa na uzi wao humu mngesemaje 😂

DadaPaa:
@Kibao_Kata njiwa wapo wa kutosha ndugu yangu, na ndo maana kozi wamehamia mjini. Kwa asili yao wanazaa kwenye majabali, ghorofa kwao ni jabali lenye jikoni chini yake, na taa za usiku zinawasaidia mpaka kuwinda gizani.

Ila nataka nimpinge kidogo Mzee hapo, sio kwamba anakosea, ni kwamba "usiguse" watu wanaishika mpaka pasipotakiwa. Mwaka juzi kinda alidondoka maegesho ya gari karibu na kwetu, ameshaota manyoya vizuri alikuwa anajifunza kuruka tu, watu wamemzunguka wanampiga picha, mmoja akamminyia maziwa mdomoni. Maziwa! Ndege hana habari na maziwa, yakamwingia njia ya hewa, jioni kafa. Kwa hiyo @Dirisha_la_Nane jiandae sasa hivi, wakifika wiki ya sita hivi wataanza kuruka na mmoja anaweza kuishia chini. Weka tayari boksi lenye matundu na taulo. Ukimkuta barabarani mfunike kwa taulo, muingize boksini, giza linamtuliza, USIMPE chakula wala maji, mpigie daktari wa wanyamapori au watu wa wanyama wa eneo lako. Akiwa mzima hajaumia kawaida wanamrudisha juu kwenye paa na wazazi wanaendelea kumlisha kama hakuna kilichotokea. Namba yao itafute leo, usisubiri siku ya tukio.

Na muulize mlinzi kama pale wanatega sumu ya panya au ya njiwa. Sumu haiishii kwa aliyeila. Yule bundi Flaco wa New York aliyekufa 2024 baada ya kudondoka kwenye jengo, walipompima walimkuta na sumu ya panya nyingi mwilini pamoja na virusi vya njiwa.

MzeeWaDarubini:
Hapo kwa boksi nakubali, nilijisahau.

Kiti_cha_Mbele:
Mnaongea ya makinda mmesahau waosha vioo, na hao ndo hatari kuliko njaa. Nchi nyingi kuondoa tundu lenye makinda ya ndege mbuai ni kosa kisheria, Uingereza kwa mfano wana sheria ya 1981, kwa hiyo kwanza uliza kwenu ikoje halafu mwandikie meneja wa jengo kistaarabu, usiende na mabango. Usimwambie "acheni kabisa", mwambie asogeze kama mwezi mmoja tu, ndege wakiruka aoshe anavyotaka. Hata huko New York 2004 wenye jengo waliliondoa tundu la mwewe maarufu waliyemwita Pale Male, watu wakajaa barabarani na darubini zao, ndani ya wiki chache wakaweka tena chuma cha kushikilia vijiti. Meneja yeyote akisikia hiyo hataki iwe ya kwake.

Dirisha_la_Nane:
Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa. Meneja kakubali kusogeza usafi, ila kasema kinyesi kilichotiririka kwenye kioo cha mkurugenzi nitaeleza mimi. Leo asubuhi nafika nahesabu, wawili. Moyo ukapasuka, nikashuka ngazi na boksi nikazunguka jengo zima, chini hakuna kitu. Narudi juu nasikia kelele upande mwingine, mdogo yuko paa la jirani kashikilia bomba la maji anapiga kelele na baba anampitia kwa juu na njiwa kwenye kucha hashuki kumpa. Wale mabinti wakubwa bado wako ukingoni wanapiga piga mabawa wakitazama chini.

@MzeeWaDarubini huyo baba atamzungusha hivyo mpaka saa ngapi?