Wapiga video wa harusi Dodoma, acheni kutuuzia HDR ambayo hamjui kuishusha!

Wakuu, kama kuna mpiga video hapa mjini anayejinadi kwamba anapiga "HDR ya kimataifa" (video yenye mwanga na rangi pana kuliko ya kawaida; kuishusha ni kuigeuza iwe ya kawaida), muulizeni jambo moja kabla kamati haijatoa advansi: hiyo video itaonekanaje kwenye TV ya kawaida ya sebuleni? Akianza kujiumauma, hamieni kwa mwingine. Sisi hatukuuliza.

Harusi ya mdogo wangu imepita, kijana kalipwa hela yake yote, tumekabidhiwa flashi. Kwenye simu yake video ni kali kweli, sikatai. Tumeichomeka kwenye TV ya mama, kijivu tupu. Shela kijivu, anga la Nyerere Square saa saba mchana (mnalijua jua la Dodoma lilivyo) kijivu. Vitenge vyekundu vya akina mama vimekuwa kama vimelowekwa kwenye jiki. Bibi yuko Mpwapwa, katumiwa nakala yake, akapiga simu kuuliza kama siku ile kulikuwa na vumbi.

Namweleza kijana, ananijibu: "Kaka, TV yenu ni ya kizamani, nunueni ya HDR." Yaani tuchangishane harusi, halafu tuchangishane tena TV ya kuitazamia!

Nikalifungua lile faili kwa MediaInfo, programu ya bure kabisa. PQ upande wa mwanga, BT.2020 upande wa rangi, biti 10, yaani HDR tupu. Basi kila kitu kiko wazi. PQ ni mfumo ambao SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, waliusanifisha mwaka 2014, na ndani yake kila kiwango cha ishara kinasimamia kiasi halisi cha mwanga, mpaka niti 10,000 (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga wa skrini). Video ya kawaida, yaani SDR, huandaliwa kwa skrini ya niti 100 hivi. Sasa sikilizeni hapa: mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, uitwao BT.2408, unaweka nyeupe ya kawaida kwenye niti 203, na kwenye PQ hiyo ni asilimia 58 tu ya ishara. Nafasi ya juu iliyobaki imeachiwa jua linalopiga bodi ya gari, taa za ukumbini, mng'ao wa pete. TV isiyojua PQ ikipewa asilimia 58 itaonyesha kijivu, kwa sababu yenyewe nyeupe inaitegemea huko juu karibu na 100. Rangi nazo zimefungwa kwa vipimo vya BT.2020 ambavyo ni vipana, TV inazisoma kwa BT.709, vipimo vya video ya kawaida ambavyo ni vyembamba, kwa hiyo nyekundu inapauka na ngozi zetu zinapauka nayo. TV ya mama imefanya kazi yake. Aliyerenda, yaani aliyetoa faili la mwisho, ndiye hakufanya ya kwake.

Hata angetumia HLG, mfumo mwingine wa HDR, tungepata nafuu kidogo. Ule BBC ya Uingereza na NHK ya Japani waliubuni wakiwa wanazifikiria TV za kawaida tangu mwanzo, nyeupe inakaa kwenye asilimia 75. Ila na wenyewe ukiutoa bila kubadilisha rangi, unapauka.

Nikabana sana, akaleta faili la pili, eti "nimeshaweka SDR". Hili ndilo lililonikera kupita la kwanza. Alichofanya ni kukata. Mwanga wote uliozidi kiwango kausukumia kwenye nyeupe moja. Lile shela lina lesi kifuani, maua madogo madogo yameshonwa kwa mkono, mama mdogo aliyashona usiku baada ya kazi. Kwenye simu ya kijana unayaona ua moja moja. Kwenye faili la pili hakuna ua hata moja, kuna bamba jeupe kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Anga limetoweka na paji la uso la bwana harusi linawaka.

Kushusha HDR si kukata. Unaiweka nyeupe ya kawaida mahali pake karibu na juu, kisha mwanga uliozidi unaukunja taratibu ili uingie kwenye ile nafasi ndogo iliyobaki, tofauti kati ya ua na kitambaa ionekane hata kama imepungua. Halafu unabadilisha rangi kutoka BT.2020 kwenda BT.709. Halafu unatazama kwenye TV ya kawaida, siyo kwenye simu yako! ITU wametoa njia zake kwenye BT.2446, programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve inafanya, na FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video, ina kichujio cha kazi hiyohiyo. Hakuna anayemwambia akavumbue kitu.

Na wauza TV msicheke. Nilipita duka moja hapa mjini, boksi limeandikwa HDR kwa maandishi makubwa, nikauliza niti ngapi, muuzaji akanisomea inchi. HDR ya kwenye boksi mara nyingi maana yake ni kwamba TV inaipokea ishara na kuielewa. Kama paneli yake inaishia kwenye niti 300, video iliyoandaliwa kwa niti 1,000 lazima TV yenyewe iikunje, na ya bei chee inakunja inavyojua yenyewe. Kijivu kitaondoka, sawa. Ile video ya kwenye simu ya kijana msiitegemee.

Sasa hivi ninachodai ni klipu ghafi, nimtafute mtu anayejua kazi airudie. Kijana anasema klipu ni mali ya studio, nikizitaka niongeze laki mbili. Mkataba tulioandikishana haugusi kabisa habari ya klipu. Kuna mwana-Dodoma aliyewahi kudai klipu zake akapewa bila kulipa tena? Alianzia wapi? Jibuni hapahapa kila mtu aone, PM nimefunga.